Donge Halingoji Idd



Leo nasema jambo ambalo majumbani mwetu husemwa kwa kunong'ona. Dada akigusa donge kwenye titi, humwambia nani? Mara nyingi hamwambii mtu. Hujisemea, ngoja mwezi upite, ngoja Idd. Ewe dada, usingoje! Madonge mengi si saratani, lakini vidole havijui kutofautisha.

Ukiwa kijana, aghalabu daktari huanza na ultrasaundi, ile ile ya kina mama wajawazito. Mamogramu ni eksirei ya titi. Uvimbe huonekana mweupe, na titi la kijana, kwa kuwa limejaa tezi, nalo hutokea jeupe. Sasa utatafutaje chumvi ndani ya sukari? Ultrasaundi huonyesha kama donge ni maji matupu au ni nyama. Unaona haya? Omba upimwe na mwanamke. Picha ikitia shaka, huchukuliwa kipande kidogo kwa sindano kikapimwe maabara. Hicho ndicho hukata shauri, si picha peke yake.

Na nyinyi akina baba, mnaona damu chooni mkasema ni bawasiri tu? Huenda ni bawasiri kweli. Huenda ni uvimbe wa puru. Daktari hupima kwa kidole, kisha kwa kamera, na hapo pia hukata kipande. Ikiwa ni saratani, emarai humwonyesha imepenya ukuta wa utumbo kiasi gani, ajue aanze na miale na dawa, au upasuaji. Kabla ya kamera utapewa dawa ya kusafisha tumbo, basi mwambie kwamba unafunga, mpange siku.