Mwambie Fundi Ukweli

Jumapili ya 13 ya Mwaka B
Injili: Marko 5:21-43

Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Jumapili ya leo inatuletea mwanamke aliyeteswa na kutokwa damu kwa muda wa miaka 12. Marko anatusimulia kwamba mwanamke huyo alikuwa amekwisha kutumia mali yake yote kwa waganga, asipate nafuu. Akapenya katika msongamano wa watu, akaligusa vazi la Yesu kwa nyuma, naye akapona papo hapo. Hapo ndipo wengi wetu tungeondoka kimyakimya. Lakini Yesu alisimama, akauliza ni nani aliyemgusa. Yule mwanamke, huku akitetemeka, alianguka mbele yake na kumweleza mambo yote yalivyokuwa. Naye Bwana akamwita binti yake, akamruhusu aende kwa amani.

Leo tungependa kutafakari juu ya tendo hilo la kueleza mambo yote. Maana kuomba msaada ni jambo moja, na kumwambia ukweli yule tunayemwomba msaada ni jambo jingine. Sisi tulijifunza tofauti hiyo hapa Mpanda, si kanisani, bali katika ukumbi wa vijana, mbele ya kabati bovu la mchezo.

Miaka michache iliyopita, sisi walezi wa vijana, makatekista pamoja na viongozi wao, tuliona uchungu kuwatazama vijana wetu wakimaliza jioni zao, na fedha zao, kwenye mashine za kamari. Tukaazimia kuwatafutia mchezo usio na dau. Tukapata kabati kuukuu la mchezo wa video, la kucheza mtu akiwa amesimama. Kimo chake ni kama cha kabati la nguo. Lina kioo kama cha televisheni ya zamani, vijiti viwili vya kuongozea, na vitufe vya rangi. Makabati ya namna hiyo yalienea sana duniani baada ya Wajapani kutoa mchezo wa Space Invaders mwaka 1978. La kwetu nalo lilitengenezwa Japani. Lilinunuliwa Dar es Salaam kwa michango ya jumuiya ndogo ndogo, likaletwa kwa treni kupitia Tabora na Kaliua.

Lilipofika, nyaya zake nyingi zilikuwa zimekatika, zikining'inia kama mizizi ya mti uliong'olewa. Hatukuwa na subira. Plagi yake ilikuwa ya Kijapani, yenye miguu miwili bapa isiyoingia katika soketi zetu. Tukaikata, tukafunga plagi ya miguu mitatu. Ukabaki waya mmoja wa kijani. Hatukujua kazi yake, basi tukaukunja, tukauzungushia utepe, tukauacha. Nyuma ya kabati palikuwa na kibandiko cha maandishi. Tukakibandua tulipokuwa tukilisafisha. Tulipowasha, fyuzi ikaungua. Tukaweka nyingine, nayo ikaungua. Ndipo mmoja wetu alipokata kipande cha waya wa shaba, akakichomeka mahali pa fyuzi. Kabati likatoa moshi, likazima.

Baada ya hayo yote ndipo tulipokwenda kumwita fundi.

Alikuwa mzee Mwislamu mwenye kibanda cha kutengenezea redio karibu na soko. Alikuja na mita yake, bisibisi na chuma cha kulehemu. Kabla ya kugusa kitu chochote alituuliza, "Walimu, kuna mtu amelifungua hili kabla yangu?"

Tukatazamana. Tulifikiria michango ya waamini. Tulifikiria wazee wa parokia watasema nini. Tukamjibu, "Hapana, Mzee. Limefika hivi hivi."

Alituamini. Kwa siku mbili alizifuata zile nyaya moja baada ya nyingine, kutoka kwenye kitufe hadi kwenye bodi. Alitueleza kwamba katikati ya miaka ya 1980 watengenezaji wa Japani walikubaliana utaratibu mmoja wa nyaya za makabati haya, wenye sehemu 56 za kugusana, ili bodi ya mchezo mmoja iweze kuingia katika kabati la mchezo mwingine. Kila waya una mahali pake. Ile sehemu ya ndani iliyoungua akaibadilisha. Aliipima njia ya fyuzi kwa mita akiwa nje ya kisanduku chake, na mita ikamwonyesha kuwa njia ni nzima, kwa sababu shaba hupitisha umeme bila kinyongo.

Siku ya tatu alichomeka plagi, akawasha, akaushika mlango wa chuma wa kabati ili aufunge. Waya mmoja ulikuwa umechubuka na kuugusa mlango ule. Umeme ule ulipaswa kukimbilia ardhini kupitia waya wa kijani, na fyuzi ikakatika mara moja. Lakini waya wa kijani tulikuwa tumeufunga kwa utepe, na mahali pa fyuzi palikuwa na shaba. Umeme ukapita katika mkono wake. Mzee akatupwa nyuma, akaanguka juu ya mabenchi.

Tulimshukuru Mungu kwamba alikuwa hai. Kiganja chake kiliungua, nasi tulimpeleka hospitali. Aliporudi, mkono ukiwa umefungwa bendeji, hatukumwambia neno ila pole. Sisi watu wazima, tunaowafundisha watoto amri kumi, tulikaa kimya. Aliyesema ni kijana mdogo kuliko wote. Alisimama akilia, akasema, "Mzee, waya wa kijani tuliufunga sisi. Na fyuzi tuliweka shaba." Ndipo midomo yetu nasi ikafunguka, tukaeleza na habari ya kile kibandiko.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Walimu, ugonjwa wa mashine nautafuta mwenyewe, ndiyo kazi yangu. Lakini mkono wenu uliopita humo ndani siwezi kuujua msiponiambia."

Hakututukana. Alitutaka tuyataje yote kwa mpangilio, tangu siku ya kwanza, naye akaandika. Kutokana na maelezo yetu alitambua kwamba lile kabati lilihitaji volti 100 za Japani, nasi tulikuwa tumelipa volti 230 za kwetu. Akaleta transfoma ya kupunguza umeme. Akaunga waya wa kijani na kuweka fyuzi halisi. Kazi iliyokuwa imeshindikana siku zote hizo ikaisha kwa alasiri moja. Vijana wakacheza bila kulipa hata shilingi, kwa kuwa tundu la sarafu tuliliziba.

Wapendwa, tusije tukakosea: yule mwanamke wa Injili hakuwa na hatia kama sisi. Yeye alikuwa mgonjwa. Sisi tulikuwa waongo. Lakini hofu yetu na hofu yake zinafanana, na Bwana anatupa sote njia moja ya kutoka. Tuangalie vema: mwili wake ulikuwa umepona kabla hajasema lolote. Kwa nini basi Yesu hakumwacha aende zake? Kwa sababu hakutaka apate uzima kama mwizi apatavyo mali, kwa kunyemelea. Alitaka aende akiwa ana jina la binti, na amani.

Ni mara ngapi tunaomba msaada huku tukificha kipande cha shaba? Mkulima huomba mkopo akiwa amekwisha kuweka rehani shamba lilelile kwingine. Mgonjwa humficha mganga dawa alizokunywa jana. Mume na mke huja kwa padre kusuluhishwa, na kila mmoja huleta nusu ya habari. Kisha tunalalamika kwamba tumeombewa na kushauriwa bila kupata nafuu. Anayemficha msaidizi wake ukweli humtegea mtego, na pengine mkono utakaoungua ni wa yule asiye na kosa.

Mkoa wetu una mfano mwema wa msaidizi wa kuaminiwa. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, alihudumu Adrian Atiman, katekista na daktari. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasomea uganga Malta. Kisha akaja kuwatibu na kuwafundisha watu wa ziwa hilo hadi kifo chake mwaka 1956. Katika mtu mmoja uganga na ukatekista vilikaa pamoja. Nanyi makatekista mnaotusikiliza, mtu anapowajia na aibu yake, mpokeeni kama yule mzee wa redio alivyotupokea sisi. Mkimtukana siku anaposema kweli, kesho atarudia kuficha.

Na katika kitubio, Mungu hatuulizi kwa kuwa hajui. Anauliza kama Yesu alivyouliza katikati ya umati, ili sisi wenyewe tusimame mbele yake bila kificho. Tusiende kwake na dhambi zilizofungwa utepe. Juma hili, kila mmoja wetu amtafute yule aliyemwomba msaada kwa nusu ya ukweli, amwambie nusu iliyobaki.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, ulimpokea kwa upole yule aliyekujia akitetemeka. Utuondolee hofu inayotufunga midomo. Uwalinde mafundi, waganga na wote wanaotia mikono yao katika hatari kwa ajili yetu, na utufanye tustahili imani yao. Unayeishi na kutawala milele na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!