Mjanja na Mwerevu

(Hotuba iliyotolewa Matongo katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nasikia vijana wakisifiana, "Yule ni mjanja sana." Neno hili limegeuka sifa, na mwerevu limebaki la kuandikwa kwenye ripoti ya shule. Naona tumeyachanganya.

Tuyapime. Watu husema, "Amenifanyia ujanja." Sijamsikia asemaye, "Amenifanyia werevu." Ujanja hutaka mtu wa kuzidiwa kete, sungura wa hadithi angekuwa nani bila fisi? Werevu hautaki mshindwa. Mtu huerevuka, na akishaerevuka aweza kumwerevusha mwenzake.

Najua yuko atakayeniuliza habari za nyoka wa Edeni, ambaye Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 yamwita mwerevu. Ni kweli, na wako wanaolitumia neno hilo hata kwa mtu wa hila. Mpaka wa maneno haya si ukuta wa mawe. Lakini nyoka yule alikuwa na akili kali kwanza. Ujanja ulianza alipoitumia kumponza Hawa.

Hapa kwetu jambo hili si la darasani tu. Tangu mgodi wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, ardhi imekuwa ikithaminiwa kwa fidia, nasi tukapata neno letu: kutegesha. Mtu asikia wathamini waja, asimamisha vibanda vya bati upesi upesi, apanda miche iliyobanana, kisha angoja kuhesabiwa. Vijiweni huitwa mjanja, na kwa lugha hawakukosea. Ila mshindwa wake ni nani? Mara nyingi ni jirani, mwenye nyumba ya miaka thelathini, ambaye naye sasa hutiliwa shaka, na mabishano hurefuka.

Mwerevu wa kijiji hicho hicho ni yule aliyehesabu miti yake mwenyewe, akaisoma fomu mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi, akaweka nakala, na jioni akamsomea fomu yake bibi wa jirani asiyejua kusoma. Huyo hasimuliwi vijiweni. Kazi yake haichekeshi.

Vijana, mkirudi bwenini jaribuni kipimo hiki kwa mpole na mnyonge. Wazee wangu, msiwape jibu upesi.