Tuwatazame Ndege

Katika Mathayo 6:26 Bwana anatuelekeza kwa ndege. Hapa Gachoka twajua ndege hula tunda la mugumo, na mbegu ikaota juu ya mti mwingine, mbali na mamaye. Hivyo ndivyo koo za miti zinavyochanganyika. Mbegu zikianguka zote chini ya mama, ndugu huzaa na ndugu, na uzao hudhoofika.

Nchini Brazili, mwaka 2013, wataalamu walieleza jambo la kutisha: walipotoweka ndege wakubwa wawezao kumeza mbegu kubwa, mti mmoja wa jamii ya mnazi ulibaki na mbegu ndogo tu, zinazokauka upesi.

Hondohondo wetu hutaga ndani ya shimo la mti mkubwa. Je, sisi wachoma makaa, tumemwachia mingapi?