Samaki wa Mto na Mifereji ya Mpunga
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Dumila)



Mmetutaka tuseme machache juu ya samaki wanaopotea katika mifereji ya mpunga. Huenda mwenzetu mmoja akanong'ona kuwa jambo hili ni la wavuvi, wala si la watu wa kalamu na majalada. Twamwomba avumilie kidogo.

Mto Mkundi wapita hapa Dumila, na maji yake huishia Wami. Katika bonde hili mpunga hulimwa kwa maji ya mito: kule Mkindo maji hugeuzwa na banio yakaingia mferejini yenyewe, kule Dakawa, penye shamba la hekta 2,000 hivi, huvutwa kwa pampu. Mpunga huo ni riziki ya watu wengi, nasi hatuupingi. Walakini samaki hajui tofauti ya mto na mfereji. Kambale, mvua zinyeshapo, hutafuta maji ya kina kifupi yaliyofurika ili atage, na jaruba humpendeza sana. Perege naye, ambaye jike huatamia mayai kinywani, akiingia mferejini huingia na kizazi chake.

Hasara haiji siku ya kuingia, bali siku ya kufunga lango. Mpunga ukikaribia kuiva, maji hukatwa ili mashamba yakauke, na pengine hukatwa kwa siku moja. Kambale aweza kupumua hewa, basi hustahimili topeni. Perege hawezi. Wakubwa huokotwa na watoto wakawa kitoweo, na hilo si baya. Lakini wadogo mfano wa kidole huoza bure. Na huyu perege wa Wami, aitwaye na wataalamu Oreochromis urolepis, asili yake ni mito ya mashariki ya nchi yetu, kama Rufiji, Ruvu na Wami.

Katika milima ya magharibi ya Marekani samaki waitwao trauti hupotea vivyo hivyo. Huko hutumia dawa mbili: chekeche mdomoni mwa mfereji, na kuteremsha lango kidogo kidogo, ili maji yapunguapo samaki warudi mtoni. Chekeche hapa kwetu lina taabu yake. Mkundi hushuka na matope na magogo (nani amesahau mafuriko ya Januari 2014?), na chuma kitaziba upesi asipokuwapo wa kukisafisha. Lango halihitaji chuma kipya. Lataka siku chache na amri iliyoandikwa.

Ndipo kalamu inapoingia. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, skimu itumiayo maji ya mto sharti iwe na kibali, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ndiyo itoayo. Kibali huwa na masharti, na masharti huandikwa na watu kama sisi. Basi mwenzetu apitishaye maombi na aulize: lango litafungwa kwa siku ngapi? Na katibu wa skimu aandike jibu daftarini, pamoja na jina la mshika ufunguo, kabla ya mavuno yajayo.