MGENI NYUMBANI: MASHARTI YANAYOLINDA UPENDO



Watu wengi wakisikia neno "mkimbizi" wanafikiri mara moja juu ya kambi na mahema. Lakini hapa kwetu Kivu na Ituri, kwa miaka mingi, wengi waliokimbia hawakuingia kambini. Walibisha hodi kwenye mlango wa ndugu, wa rafiki, wa mkristo mwenzao, au wa mtu wasiyemjua hata jina. Mzigo huo ulibebwa na jamaa maskini, wenye chumba kimoja au viwili na sufuria moja ya maharagi. Leo tuzungumze juu ya nyumba hizo. Namna gani mgeni na mwenyeji wanaweza kukaa pamoja bila nyumba kugeuka uwanja wa ugomvi?

Kwanza tukumbuke kwamba hakuna mtu aliyezaliwa kuwa mwenyeji siku zote. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka wa 2002, moto wa Nyiragongo uliingia katika mji wa Goma. Watu kwa maelfu na maelfu walitoka na watoto mgongoni. Wengi walivuka mpaka kwenda Gisenyi, wengine wakashika njia ya Sake na ya Bukavu. Tarehe 22 mwezi wa tano mwaka wa 2021 mlima ulipasuka tena, na siku tano nyuma yake wakubwa waliamuru sehemu kubwa ya mji iachwe. Sake ikajaa watu wa Goma. Sasa, katika mwezi wa pili mwaka wa 2024, vita vilifika karibu na Sake, na watu wa Sake wakakimbilia Goma. Aliyefungua mlango mwaka wa 2021 alibisha hodi mwaka wa 2024. Basi, anayempokea mgeni leo asijione mkubwa, na anayepokelewa asijione mdogo.

Sasa niwaeleze habari moja ya mbali inayoweza kutusaidia. Mwaka wa 1949, nyuma ya vita kuu ya pili, Ulaya ilikuwa imejaa makaburi na chuki. Katika inchi ya Danemark, vijana wachache walikutana pamoja na Mmarekani mmoja, Bob Luitweiler, mtu aliyekataa kushika bunduki. Walijiuliza: amani italetwa na mikutano ya wakubwa peke yake? Wakajibu kwamba mtu akila meza moja na yule aliyefundishwa kumchukia, akalala chini ya dari yake, uongo mwingi utakufa wenyewe. Wakaanzisha mtandao wa nyumba. Msafiri anatoka inchi moja, anapokelewa bure na jamaa ya inchi nyingine. Kikundi chao kilijiita kwanza Wajenzi wa Amani. Nyuma yake kikaitwa Servas, neno la Kiesperanto lenye maana ya kutumikia. Tangu mwaka wa 1973 kinatambuliwa na Umoja wa Mataifa kama chama chenye ruhusa ya kutoa mashauri, na mpaka leo kina nyumba katika inchi nyingi za dunia.

Watu hawa walikuwa na upendo mwingi, lakini hawakuutegemea upendo peke yake. Waliweka masharti. Msafiri anazungumza kwanza na mjumbe wa chama katika inchi yake. Akikubaliwa anapewa barua ya kumtambulisha, na mwenyeji anaiangalia anapofika. Anakaa usiku mbili tu, isipokuwa mwenyeji mwenyewe amwombe aendelee. Feza hazilipwi wala kudaiwa. Lakini mgeni hatumii nyumba kama hoteli: anakaa na watu, anazungumza nao, anasaidia kazi. Na mwenyeji ana ruhusa ya kusema "leo siwezi" bila kuulizwa sababu.

Wazee wetu walijua hekima hiyo. Si tunasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe? Methali hiyo haimfukuzi mgeni. Inamtoa katika ugeni na kumwingiza katika kazi ya nyumba.

Lakini tusidanganyane. Msafiri wa Servas amechagua kusafiri, na kwake kuna kitanda kinachomngojea. Mtu aliyekimbia vita hakuchagua, na hajui siku ya kurudi. Hatuwezi kumwambia "usiku mbili, kisha utoke." Pale tunapoweza kuwafuata ni katika jambo hili: kusema wazi mapema yale yatakayoleta ugomvi kesho. Jamaa nyingi zilizogombana hazikugombana sababu ya ubaya wa moyo. Ziligombana sababu ya chumvi, makala, maji, na mtoto aliyepigwa na asiye mzazi wake. Kila mmoja alinyamaza kwa heshima mpaka siku moja yote yalilipuka.

Kwa hiyo nawashauri mambo manne.

La kwanza: katika juma la kwanza, mukae chini pamoja, baba na mama wa pande mbili, mbele ya shahidi mmoja mnayemwamini. Museme nani analala wapi, nani anachota maji, nani ananunua makala, nani anakaripia watoto. Kisha muchague siku ya kuyaangalia tena, kwa mfano kila mwisho wa mwezi.

La pili: mgeni apewe kazi yake, na kazi hiyo ihesabiwe. Mama anayelima shamba la mwenyeji, au kijana anayeleta kuni, analeta kitu nyumbani. Asiitwe mzigo. Tena kazi hiyo isigeuke utumwa. Msichana aliyekimbia si mtumishi wa bure, na hakuna mwenye nyumba mwenye haki juu ya mwili wake. Hilo ni kosa mbele ya sheria, na majirani wasilifiche.

La tatu: juu ya msaada. Mara nyingi jeton ya chakula inapewa mgeni, na mwenyeji aliyegawa mihogo yake miezi sita anaangalia tu. Pale chuki inazaliwa. Mapatano ya Kampala ya Umoja wa Afrika, ya mwaka wa 2009, yanasema kwamba msaada unaweza kufika pia kwa watu wa mahali wanaowapokea wahami, pale inapofaa. Wakubwa wa mitaa, mukikutana na wanaogawa msaada, muwakumbushe neno hilo. Na wewe uliyepewa, usifiche gunia chini ya kitanda.

La ine: juu ya kiwanja. Wenyeji wengine wanaogopa kwamba anayelala leo ataidai ardhi kesho. Hapana. Kupokelewa nyumbani hakumpi mgeni haki juu ya kiwanja. Mukisema hivyo wazi mbele ya shahidi, woga utapungua.

Sasa neno kwa wakubwa wa avenue na wa nyumba kumi. Ni vizuri kujua nyumba gani iko tayari kupokea na ina nafasi ya watu wangapi, ili watu wasizunguke usiku na watoto. Muandike daftari. Lakini katika daftari hilo musiandike kabila. Mwaka wa 1994, kwa jirani zetu wa Rwanda, neno moja katika kitambulisho lilitosha kumpeleka mtu kwenye kifo. Muandike hesabu ya watu, wagonjwa, wazee, na watoto wasio na wazazi. Daftari likae kwa mtu mmoja, si ukutani.

Mtu akiuliza: "Huyu ametoka upande wa adui, kwa nini mnamkubali?", mumjibu kwa sheria. Katiba yetu ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye katika inchi haki ya kutembea na kuweka makao yake mahali anapotaka, kwa kufuata sheria. Aliyefanya kosa ashitakiwe yeye kwa jina lake. Kabila halishitakiwi, na kijiji hakishitakiwi.

Mwisho, tusingoje vita ndipo tupokeane. Vijana wa kijiji kimoja wanaweza kwenda kulala usiku mbili katika kijiji ambacho wazazi wao wanakiogopa, kwa mapatano ya wakubwa wa pande zote mbili, na mwezi unaofuata kurudishiwa ziara. Hiyo haihitaji mradi wala feza nyingi. Inahitaji mkeka, bukari, na wakubwa wawili wanaoaminiana.

Ninyi munaosikiliza pamoja chini ya mti au kanisani, muzungumze swali hili: katika mtaa wetu, ni neno gani ambalo mgeni na mwenyeji wanaogopa kuambiana? Mulitaje leo kwa upole, mbele ya shahidi.

Amani iwe nyumbani kwenu.