Kamera ya Kikundi na Vifaa Vyake

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Nimeombwa niseme juu ya kamera na vifaa vyake. Wengine mtasema hiyo ni kazi ya watu wa studio. Zamani ilikuwa hivyo kweli. Filamu ilikuwa na picha 24 au 36, unalipia filamu, unalipia kusafishwa, tena unangoja siku kadhaa ndipo ujue kama kichwa cha mwenyekiti kimekatwa. Ingawa bei ilianza kushuka kitambo: mwaka wa 1900 kampuni ya Kodak huko Marekani iliuza kamera ya sanduku iitwayo Brownie kwa dola moja. Leo simu iliyo mfukoni mwa kijana wenu hapo nyuma inapiga picha mia na hakuna anayelipia filamu.

Kwa kikundi, picha ni ushahidi. Mwanachama akiuliza pesa za tangi zilienda wapi, mweka hazina aonyeshe risiti pamoja na picha tatu: mahali palivyokuwa kabla, msingi ukichimbwa, na tangi likiwa limesimama. Pigeni kutoka mahali pale pale kila mara, na ndani ya picha kuwe na kitu kisichohama, kama mwembe au kona ya darasa. La sivyo mtu atasema hilo ni tangi la kijiji kingine, na mtamjibu nini?

Sasa vifaa. Nitakaa zaidi kwa lenzi, maana hapo ndipo wengi huharibu. Vumbi letu lina mchanga. Ukishika pindo la leso au shati ukaanza kusugua, ni kama unapiga msasa. Toa vumbi kwanza kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo kwa sababu mate hurukia. Kisha panguza polepole na kitambaa laini cha miwani, ambacho hakifanyi kazi nyingine. Hata ya simu hushika mafuta ya vidole, halafu mnasema simu imezeeka! Na mahali penye unyevu, kama Pwani, kamera ikifungiwa gizani miezi mingi huota ukungu ndani ya lenzi, na huo hautoki kwa kupanguza. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya msivitupe. Viwekeni na kamera ndani ya mkebe unaofunga vizuri, mbali na watoto.

Flashi nayo haina miujiza. Ile ndogo ya kamera hufika kama mita 3 au 4, ya simu hata hazifiki hizo. Anayeiwasha akiwa nyuma ya kanisa ili apige maarusi walio mbele anamulika migongo ya watu tu. Lakini saa sita mchana, mtu akiwa na kofia, iwashe ukiwa karibu naye. Uso utaonekana.

Stendi ya miguu mitatu ni nzuri, ila kama hamna, tuliza kamera juu ya mfuko wa maharagwe, weka saa yake ya sekunde 2, uachilie mkono. Kadi ya kumbukumbu usiichomoe kamera ikiwa inawaka. Picha za mradi zikae mahali pawili, si kwa simu ya katibu peke yake. Simu huibiwa.

Jambo lingine ni ruhusa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa habari yake binafsi, na kwa mtoto tunahitaji ruhusa ya mzazi au mlezi. Mama mjane anayepokea unga anaweza kukataa kupigwa picha. Akikataa, apewe unga wake aende nyumbani, na asiulizwe mara ya pili.

Haya, walio na kamera au simu waje mbele. Tutaanza na lenzi.