Kalenda ya Ziwa na Kalenda ya Mkopo

Maneno ya timu ya uwanjani kwenye mkutano mkuu wa wanachama, Baraka



Komite ilituomba tueleze jambo moja. Mikopo ya uvuvi ya mwaka jana haikurudi kama ilivyopangwa. Mikopo ya biashara ndogo ilirudi vizuri, ya mashamba ilirudi na kuchelewa kidogo, lakini ya nyavu ilikwama. Leo mezani kuna barua inayosema mitumbwi minne inyang'anywe nyavu, na wenyewe watolewe kwenye chama. Kabla hamjapiga kura juu ya barua hiyo, tunaomba mtusikilize. Hatukuja kutetea uvivu. Tumekuja kusema kwamba kosa la kwanza lilitoka ofisini kwetu.

Wengi wetu katika timu ni watoto wa kambi. Tulivuka ziwa mwaka 1996 tukiwa migongoni mwa mama zetu au tumeshikwa mkono, tukakulia Nyarugusu na Lugufu, mbali na maji. Tulisoma huko, tukafundishwa hesabu na Kiswahili kizuri, lakini hakuna aliyetufundisha ziwa. Mtoto wa mvuvi anajifunza ziwa kwa kukaa nyuma ya mtumbwi wa baba yake, na kambini mtumbwi haukuwepo. Tuliporudi tukawa tunajua kusema "dagaa" na "mgebuka" kama watu wa Kigoma, na jirani zetu waliobaki wanatucheka: hapa ni ndakala, hapa ni mukeke! Wandugu, jina la samaki unalijifunza kwa siku moja. Majira yake ndiyo yanachukua miaka.

Basi mwaka jana tulifanya nini? Tulichukua ratiba ya mikopo ya biashara ndogo, ile ya mama anayeuza chumvi na sabuni, tukaibandika juu ya uvuvi. Kupokea mkopo, kungoja wiki nne, halafu kulipa kila Ijumaa. Pesa za wafadhili zilitufikia mwezi wa tano, na karatasi zilitutaka tuzitumie kabla ya robo ya mwaka kuisha. Tukagawa nyavu na taa wiki ile ile ziwa linafungwa. Ijumaa ya kwanza ya kulipa ilifika mwezi wa sita, na ziwa lilikuwa bado limefungwa. Hesabuni wenyewe: Ijumaa tisa zilipita kabla mtumbwi wowote haujaruhusiwa kuingia majini. Sisi tulikuwa tunaandika kwenye daftari "hajalipa, hajalipa," kana kwamba yule mtu amekataa.

Matokeo yake mnayajua kuliko sisi. Kuna kundi liliuza betri ya taa ili kulipa Ijumaa mbili. Ziwa lilipofunguliwa, likakosa mwanga wa kuvulia. Kuna wengine walichukua pesa kwa mfanyabiashara, wakamwahidi samaki ambao hawajavuliwa, kwa bei aliyoipanga yeye. Mpaka leo mavuno yao ya kwanza ya usiku yanakwenda kwake. Kuna waliotoka usiku kwa siri, na nyavu zao zikakamatwa. Nyavu zile tulizinunua sisi.

Sasa tuwaombe tuangalie saa ya ziwa, maana ziwa liko na saa mbili.

Saa ya kwanza ni mwezi. Ndakala anavuliwa usiku kwa mwanga. Mitumbwi inafungwa pamoja kwa miti, taa zinawashwa juu ya maji, wavu unashushwa, watu wanangoja. Wadudu wadogo wa majini wanaufuata mwanga, ndakala anawafuata, na mukeke anakuja nyuma kumla ndakala. Kazi yote inategemea giza. Mwezi ukijaa, ziwa lote ni taa, samaki wametawanyika, na taa ya mvuvi haina nguvu tena. Ndiyo maana kila mwezi kuna wiki hivi ambayo mitumbwi inalala ufukweni, wavuvi wanashona nyavu, wanaziba nyufa, wanagawana hesabu. Mzee mmoja wa hapa alituuliza kwa upole: "Ninyi mliosoma, mwezi hamkuuona?" Tuliinamisha kichwa. Ratiba yetu ilikuwa na Ijumaa za mwezi mpevu, na kila mara mvuvi aliandikwa deni kwa sababu mbingu ilikuwa nyeupe.

Saa ya pili ni upepo. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 670, na mahali penye kina zaidi linashuka hadi mita 1.470. Lakini samaki hawa wa biashara wanaishi katika tabaka la juu tu, maana chini sana maji hayana hewa ya kumtosha samaki. Chakula kingi, yaani rutuba yote iliyozama, kimelala huko chini gizani. Kinapanda namna gani? Ni upepo. Wakati wa kipwa, tangu mwezi wa tano hadi wa tisa hivi, upepo wa kusini-mashariki unasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji baridi yenye rutuba yanapanda kujaza nafasi. Upepo ukikatika, maji yote yanaanza kubembea polepole, kama maji kwenye beseni uliloliinamisha kisha ukaliachia, na huku kaskazini pia rutuba inapanda. Baada ya hapo vinakuja vile vijani vidogo vya majini, vinakuja vidudu, na ndakala ananenepa. Ndakala ni samaki wa maisha mafupi. Anakua haraka, anazaa haraka, anakufa haraka. Ukimpa nafasi anarudi. Ukimvua mdogo kabla hajazaa, mwaka ujao unavua maji.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo linalouma: kufungwa kwa ziwa. Nchi nne tunazogawana maji haya, Congo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilikubaliana kupumzisha ziwa miezi mitatu, na mwaka 2024 ndiyo tuliona kazi hiyo ikianza, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Tunajua manung'uniko. Tumeyasikia ufukweni, tumeyasikia kanisani, tumeyasikia hata kwenye foleni ya maji. Mtu aliyerudi bila shamba, aliyekuta kiwanja cha baba yake kimejengwa na mwingine, ziwa ndilo shamba lake la pekee. Unamwambia apumzike miezi mitatu, na watoto wanakula nini?

Hatutawadanganya kwamba swali hilo lina jibu jepesi. Na tusimbebeshe mvuvi mdogo lawama yote. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba joto la dunia limefika hata kwenye ziwa letu: maji ya juu yamepata joto, upepo umepungua nguvu, na kwa hiyo rutuba ya chini inapanda kwa shida. Walikadiria kwamba uzalishaji wa vijani vya majini umeshuka kwa asilimia kama 20, na kwamba samaki wanaweza kuwa wamepungua kwa asilimia kama 30. Hilo halikufanywa na kijana wa Baraka mwenye taa mbili. Lakini ziwa lililochoka haliwezi kuvumilia chandarua kinachokokotwa ufukweni, mahali ambapo samaki wadogo wanakulia. Chandarua kililetwa kulinda mtoto dhidi ya malaria. Tukikitumia kuvua, tumempokonya mtoto mara mbili: usingizi wa leo na samaki wa kesho.

Na jambo lingine: kipwa ni majira ya jua kali, na jua ndilo rafiki wa mama anayeanika. Mama zetu mnajua. Ndakala akianikwa asubuhi wakati wa jua, jioni amekauka na anasafiri vizuri. Mvua zikianza, unaanika, wingu linakuja, unakusanya, unaanika tena, na siku ya tatu ananuka. Anayeuzwa kwa hasara si mvuvi, yeye alishapokea pesa yake ufukweni. Anayepoteza ni mama aliyenunua beseni kwa mkopo wetu. Kwa hiyo ziwa likifunguliwa katikati ya mwezi wa nane, tuko na dirisha dogo kabla ya mvua kubwa: wiki sita, labda nane. Katika dirisha hilo kuna samaki, kuna jua, na ada za shule zinadaiwa. Mkopo wa uvuvi unapaswa kuwa tayari mkononi siku dirisha linafunguka. Sisi tuliutoa dirisha likifungwa.

Basi tunapendekeza nini? Tumekaa na wavuvi, tumekaa na mama wanaoanika, na haya ndiyo tuliyokubaliana kuyaleta mbele yenu.

Kwanza, mkopo wa uvuvi usilipwe tena kwa Ijumaa. Ulipwe mara moja kwa kila mwezi wa angani, katika siku za mwezi mpevu, wakati makundi yako ufukweni na yanafanya hesabu zao. Pesa iko hapo, watu wako hapo, karani wetu atawafuata palepale.

Pili, miezi mitatu ya kufungwa isihesabiwe. Hakuna malipo, hakuna faini. Badala yake, kila kundi liweke sehemu ndogo ya kila mavuno katika sanduku la pamoja tangu mwezi wa nane hadi wa tano, nalo lifunguliwe siku ziwa linapofungwa. Mama zetu wanafanyaga hivi kwenye likelemba miaka yote. Wavuvi hawashindwi.

Tatu, katika miezi hiyo chama kitoe mikopo midogo ya kazi nyingine: kutengeneza mitumbwi, kushona nyavu, kusaga na kuuza muhogo. Hatusemi itatosha. Tunasema itapunguza hamu ya kutoka usiku.

Nne, anayechukua mkopo wa wavu achukue na jaketi za kuokoa maisha kwa kila mtu wa kundi lake, na azivae. Wandugu, hapa hatuna haja ya hotuba ndefu. Kuna nyumba katika mji huu ambazo zinajua kwa nini tunasema hivi. Mtu aliyeponea vita na kambi, akazame mita mia moja kutoka kwao kwa kukosa jaketi, hapana.

Tano, chama kisinunue wala kukopesha chandarua cha kuvulia wala kokoro. Tukifanya hivyo, tunakopesha njaa.

Sita, mama wanaoanika wapewe mkopo wa kujenga vichanja vya miti na wavu, badala ya kuanika mchangani. Samaki wa kichanja hana mchanga, hewa inampitia juu na chini, na mvua ikitishia unamfunika kwa hema bila kumwokota mmoja mmoja. Na bei yake sokoni ni nyingine.

Kwenu wafadhili, tunawashukuru kweli. Bila ninyi kusingekuwa na wavu wa kugombania. Lakini tunaomba tusemezane kama ndugu. Mwaka wenu unafungwa Desemba, robo zenu zinafungwa Machi na Juni. Samaki hawajui robo. Franga ikifika mwezi wa saba, inafanya kazi. Franga ile ile ikifika mwezi wa tano na amri ya kuitumia haraka, inageuka deni juu ya mgongo wa mtu ambaye hana pa kuvua. Tunaomba ruhusa ya kungoja miezi miwili. Hakuna gharama yoyote zaidi ya hiyo.

Tunarudi sasa kwenye barua iliyoko mezani. Mitumbwi minne. Tumewatembelea wote. Wawili wameanza kulipa tangu ziwa lilipofunguliwa, kidogo kidogo. Mmoja bado anafanya kazi ya kumlipa mfanyabiashara. Wa nne ndiye aliyekamatwa, hana wavu wa kunyang'anywa. Kama tutawatoa, deni halitarudi, ila tutakuwa tumewafundisha wengine kwamba chama kinamtupa mtu wakati ziwa limefungwa. Sisi wote hapa tunajua maana ya kutupwa. Tulianzisha chama hiki ili aliyerudi asirudi peke yake.

Kwa hiyo tunaomba barua isipigiwe kura leo. Deni la hao wanne libaki, lisifutwe, maana pesa ni ya wote. Lakini liandikwe upya kwa kalenda ya ziwa, kuanzia mwezi mpevu ujao, na zile Ijumaa tisa ziondolewe kwenye daftari. Hizo ni zetu. Tutaziandika kwenye ripoti kwa jina la timu.

Bwana mwenyekiti, tumemaliza. Mzee aliyetuuliza kama hatukuuona mwezi amekaa pale nyuma. Tunaomba, kabla ya kura, yeye aseme neno, maana yeye ndiye anaijua kalenda ambayo sisi tumeanza kuisoma juzi.